SOMO LA ROBO HII: KUPANDIKIZA MFUPA PENGO LINAPOKUWA KUBWA



Robo hii tunaingia katika jambo ambalo wengi wetu hulikwepa kwa kuliona ni la madaktari peke yao, nalo ni kupandikiza mfupa. Tumelichagua kwa sababu mbili. Kwanza, maombi ya msaada wa aina hiyo yanazidi kufika ofisini kwetu, mengi yakiwa ya watoto wenye usaha kwenye mfupa na vijana walioumia kwa bodaboda. Pili, katika ombi mojawapo tulifanya kosa sisi wenyewe, na kosa lile lilimgharimu mtoto muda mwingi wa maisha yake. Tutalieleza mbele bila kuficha.

Karibu maombi yote huandikwa kwa sentensi moja: "Mtoto anahitaji upasuaji wa mguu." Lugha yetu haituonyeshi hapo kama upasuaji huo ni mmoja au ni mwingi, kwa maana neno ni lile lile. Msomaji wa ombi anaona upasuaji mmoja, anatafuta fedha za upasuaji mmoja, na anafunga faili. Pengo la mfupa likiwa kubwa, mara nyingi hesabu hiyo si sahihi.

Mfupa hujiponya wenyewe, lakini una kikomo

Wengi tunaufikiria mfupa kama mti mkavu au jiwe, kwa sababu tunaouona ni ule wa kwenye sahani. Mfupa ulio ndani ya mwili ni kitu hai. Una damu, una mishipa ya fahamu, na kila siku kuna chembe hai zinazobomoa sehemu zilizochakaa na nyingine zinazojenga upya nyuma yake. Ngozi ikikatwa hubakiza kovu. Mfupa ukivunjika na kupona vizuri hurudi kuwa mfupa kamili, na baada ya miaka kadhaa daktari anaweza kutazama picha ya eksirei ya mtoto asione tena palipovunjika.

Kupona huko hufuata hatua. Damu iliyovuja huganda kati ya ncha mbili, kisha panaota nyama laini inayoziunganisha, nyama ile inaingiwa na chokaa na kuwa ngumu, halafu mwili unaichonga polepole mpaka mfupa upate umbo lake. Kwa mtoto mdogo kazi hiyo huchukua wiki chache. Muundi wa mtu mzima huchukua miezi 3 hadi 4 na pengine zaidi. Hogo tunalowekewa haliponyi chochote. Linatuliza tu ncha zile zisisogee wakati mwili unafanya kazi yake.

Lakini hatua hizo zinahitaji ncha mbili ziwe karibu. Kwa mtu mzima, kipande cha mfupa kikikosekana kwa urefu wa takriban sentimita 2 au zaidi, kwa kawaida mwili hauwezi kulivuka pengo hilo peke yake. Badala ya mfupa panaota nyama tu, na mguu unabaki ukining'inia mahali pasipo na kiungo. Hata akivaa hogo miaka miwili hataunga.

Pengo linatoka wapi

Chanzo kimoja ni ajali ambazo mfupa hutokeza nje ya ngozi. Vipande hupotea barabarani, au daktari hulazimika kuviondoa kwa sababu vimechafuka na havina damu tena. Chanzo kingine ni uvimbe wa mfupa, ambao huondolewa pamoja na sehemu ya mfupa wenyewe. Hivyo viwili tunavipita. Tunataka kukaa zaidi kwenye cha tatu, kwa sababu ndicho kinachoanzia vijijini mwetu na ndicho ambacho kamati inaweza kukizuia: usaha ndani ya mfupa wa mtoto.

Huanza kimya. Mtoto ana jipu dogo au mkwaruzo ambao hakuna anayeukumbuka. Vijidudu huingia kwenye damu na kutua karibu na mwisho wa mfupa mrefu, mara nyingi karibu na goti, mahali mfupa unapokua na damu inapokwenda taratibu. Usaha unafanyika mahali pasipoweza kutanuka. Msukumo wake unapenya hadi nje ya mfupa na kuibandua ile ngozi nyembamba inayoufunika, ambayo ndiyo inayouletea damu. Sehemu ya mfupa iliyonyimwa damu inakufa.

Kipande hicho kilichokufa ndicho kiini cha taabu yote inayofuata. Dawa husafiri kwa damu, na mfupa uliokufa hauna damu, kwa hiyo vijidudu vinajificha humo kama nyoka kwenye kichuguu. Ndiyo maana mzazi hukuambia, "Tulimpa vidonge, usaha ukakauka, baada ya mwezi ukarudi." Vidonge vilifanya kazi yao kote vilikofika. Usaha utaendelea kurudi mpaka kipande kile kitolewe, na wapo watu waliotembea na kidonda cha namna hiyo miaka 10.

Katika siku chache za mwanzo mambo ni tofauti kabisa. Mtoto mwenye homa anayekataa kukanyagia mguu, anayelia ukimgusa karibu na goti au kifundo, na ambaye hakuanguka, anatakiwa kufika hospitali siku hiyo hiyo. Dawa za sindano zikianza mapema, na usaha ukitolewa pale inapobidi, mfupa mzima unaweza kuokolewa. Mtoto mwenye selimundu yumo katika hatari zaidi, na kwake maumivu ya mifupa yanaweza kudhaniwa ni ya kawaida tu. Kinachofanyika mara nyingi ni mtoto kupelekwa kuchuliwa. Hatusemi hivi kuwadharau wazee wanaounga mifupa, maana wapo wenye mkono mwepesi na wanaojua mipaka yao. Lakini mguu wenye usaha haukandwi, na mguu wowote ule haufungwi kwa vijiti na kamba mpaka vidole vikapoa na kubadilika rangi. Tumeona miguu iliyokatwa kwa sababu ya kamba, wala si kwa sababu ya mvunjiko wenyewe.

Jambo moja zaidi kwa wanaowahudumia watoto hawa majumbani. Wakati mwingine kipande cha mfupa hutokeza kwenye kidonda na mtu hushawishika kukivuta. Msikivute. Mwili wa mtoto unapopoteza mfupa hujaribu kujenga mwingine kulizunguka lile gamba lililokufa, kama ala inavyozunguka kisu. Daktari huweza kusubiri kwa makusudi ala hiyo ikomae ndipo aondoe kisu. Kikitoka mapema, ala bado ni laini, pengo linazaliwa.

Kupandikiza ni kazi ya shamba

Neno kupandikiza tunalijua kutoka shambani, na kwa somo hili linatufaa sana. Mkulima wa mpunga anang'oa miche kitaluni na kuihamishia kwenye jaruba. Anajua kwamba mche peke yake hautoshi. Lazima jaruba liwe na maji, na magugu yawe yametolewa.

Kitalu cha mfupa kinachotumika zaidi ni nyonga, pale kwenye ukingo tunaoushika tunapojishika kiuno. Ndani ya ukingo ule mna mfupa laini wenye vitundu kama sponji. Daktari anaukwangua kama mtu anayekuna nazi na kuujaza mahali penye pengo. Mfupa wa mgonjwa mwenyewe ndio bora kwa sababu unaleta mambo matatu kwa pamoja: chembe hai zinazojenga, viini vinavyoziita chembe nyingine zije kufanya kazi, na kiunzi cha kutambalia. Mfupa wa mtu mwingine ulioandaliwa na kupimwa magonjwa huleta hasa kiunzi, na dawa za chokaa zinazotengenezwa viwandani huleta kiunzi tu.

Wazazi wengi hutuuliza kama wanaweza kumtolea mtoto mfupa wao. Mwaka 1880 huko Glasgow, daktari William Macewen alijaza mkono wa mtoto aliyekuwa amepoteza sehemu kubwa ya mfupa wa juu ya kiwiko kwa usaha, na alitumia vipande vya mifupa kutoka kwa watoto wengine waliokuwa wakinyooshwa miguu iliyopinda. Mkono ule ulifanya kazi hata mtoto alipokuwa mtu mzima. Kwa hiyo si jambo lisilowezekana. Lakini leo, mtoto akiwa na nyonga yake, hiyo ndiyo inayotangulia. Kuna pia kisa cha kale kilichoandikwa na daktari wa Uholanzi, Job van Meekeren, mwaka 1668, kwamba askari mmoja wa Urusi alizibwa fuvu kwa mfupa wa mbwa, akapona, kisha akatengwa na kanisa kwa ajili ya mfupa ule. Aliporudi kuomba utolewe ilionekana umekwisha kushikana na wake. Hatuna namna ya kukithibitisha. Tunakitaja kwa sababu katika semina zetu hakuna swali linaloulizwa kwa sauti ya chini kuliko hili: "Wanatumia mfupa wa nini?"

Mfupa uliopandikizwa hautulii ulivyowekwa. Sehemu yake kubwa hufa. Mishipa midogo ya damu inaingia kutoka pembeni, chembe zinabomoa mfupa wa zamani kidogo kidogo na kuweka mpya palepale. Mishipa ikichelewa kufika katikati, mwili unaumeza mfupa ule kabla haujabadilishwa, na pengo linarudi. Kwa mapengo madogo nyonga inatosha. Likifika sentimita 5 au 6 na kuendelea, kukwangua na kujaza peke yake mara nyingi hakufui dafu. Tena nyonga ya upande mmoja haina hazina kubwa. Kinachopatikana mara nyingi hakijazi kikombe cha kahawa cha barazani.

Njia ambazo daktari anaweza kuzichagua

Hapa ndipo gharama na muda vinapoamuliwa, na ndipo kamati zetu zinapochanganyikiwa, hivyo tuvumiliane kidogo.

Njia moja ni kuuhamisha mfupa wenyewe polepole. Gavriil Ilizarov, aliyefanya kazi mji wa Kurgan, Siberia, alianza kuitumia katika miaka ya 1950. Mguu unazungushiwa pete za chuma zilizoshikwa na nyaya zinazopita kwenye mfupa. Daktari anaukata mfupa mahali pazima, kisha skrubu zinazungushwa ili kipande kisogee milimita 1 kwa siku, kwa kawaida robo milimita mara 4. Nyuma ya kipande kinachosogea mwili unajaza mfupa mpya. Valeriy Brumel, bingwa wa Olimpiki wa kuruka juu mwaka 1964, alivunjwa mguu katika ajali ya pikipiki mwaka 1965, akapasuliwa mara nyingi bila kupona, na ni Ilizarov aliyemsimamisha mwaka 1968 hata akarudi kuruka. Ubaya wa njia hii ni muda. Pengo la sentimita 6 linahitaji siku 60 za kusogeza tu, na baada ya hapo miezi mingine ya kusubiri mfupa mpya ukomae huku vyuma vikiwa mguuni. Kila tundu la waya linasafishwa kila siku kwa maji safi. Nyumba isiyo na maji safi haifai kupewa njia hii mpaka suala la maji lishughulikiwe kwanza.

Njia nyingine ni kuuazima mfupa mwembamba ulio pembeni mwa muundi. Mwaka 1905 daktari Huntington wa Marekani alieleza namna alivyousogeza mfupa huo kuziba pengo la muundi, ukiwa bado umeshikana na nyama zake na damu yake. Mfupa mwembamba unapoanza kubeba uzito hunenepa, na kwa watoto hunenepa kwa kiasi cha kushangaza. Tangu miaka ya 1970 umewezekana pia kutolewa pamoja na mishipa yake na kuunganishwa mahali pengine mwilini kwa kutumia darubini, lakini hilo linataka vifaa na wataalamu ambao ni wachache.

Ya tatu ndiyo iliyotumika kwa kijana wetu. Daktari Alain-Charles Masquelet wa Ufaransa aliianza katikati ya miaka ya 1980, na mwaka 2000 yeye na wenzake walichapisha taarifa ya wagonjwa 35 waliokuwa na mapengo ya sentimita 4 hadi 25. Inafanyika kwa hatua mbili. Katika upasuaji wa kwanza daktari anaondoa mfupa wote uliokufa, anaimarisha mguu kwa vyuma, kisha anajaza pengo kwa saruji ya mifupa. (Hii si ile ya kujengea nyumba, ingawa mwenyekiti wa kamati moja alishatuuliza kama alete mfuko kutoka dukani kwake. Ni unga na kimiminika vinavyochanganywa na kuganda, na mara nyingi huongezwa dawa ya kuua vijidudu.) Mwili unauona mgeni huyo na kumzungushia utando. Utando huo unajaa mishipa ya damu na viini vya kuamsha ujenzi. Baada ya wiki 6 hadi 8 daktari anaupasua taratibu, anatoa saruji, anajaza mfupa wa nyonga ndani yake na kuushona utando tena. Yaani saruji ilikuwa inaandaa jaruba, na mche unakuja katika upasuaji wa pili.

Mtu asiyejua hayo, akimwona mtoto ametoka hospitali na mguu ulionyooka na kidonda kilichofunga, ataamini kwamba kazi imekwisha.

Yaliyompata kijana mmoja

Kijana huyu alikuwa na miaka 9 ugonjwa ulipoanza. Wazazi wake wameturuhusu tueleze habari zake bila kumtaja jina wala parokia. Alichuliwa goti kwa majuma matatu. Alipofika zahanati mguu ulikuwa umepasuka mahali pawili. Akaishi na usaha karibu mwaka mzima, akipewa vidonge kila mara, hadi mama mmoja wa kamati alipomwona amekaa pembeni siku ya mavuno na kuuliza kwa nini hachezi. Swali hilo ndilo lililoanzisha yote.

Kamati ilifanya kazi ya kupigiwa mfano. Waliuza magunia ya mahindi ya mavuno, wakaongezea harambee, nasi tukajazia kilichobaki kutoka mfuko wa matibabu. Alipasuliwa. Sentimita 7 za muundi ziliondolewa na saruji ikawekwa. Barua ya hospitali ilisema wazi kwamba arudi baada ya wiki 8. Barua ile ilifika mezani kwetu, ikasomwa, ikawekwa kwenye faili lililoandikwa "Imekamilika", kwa sababu fomu yetu ya bajeti ilikuwa na mstari mmoja tu wa upasuaji na mstari huo ulikuwa umekwisha kutumika. Mama yake alidhani tutamwita. Kamati walidhani hospitali itamwita. Ilikuwa msimu wa kupanda.

Ikapita miezi 14. Tuligundua tulipofanya ziara ya jambo lingine kabisa, tukamkuta kijana kwenye benchi la shule akiwa na magongo yale yale, sasa yakiwa mafupi kwake. Mguu ulikuwa umevimba tena. Utando ule huwa na nguvu katika wiki za mwanzo, na kadiri miezi inavyopita nguvu hiyo hupungua. Kwake mambo yalikuwa mabaya zaidi, maana vijidudu vilikuwa vimerudi kwenye ukingo wa saruji. Daktari hakuweza kuendelea alipoishia. Ilibidi asafishe upya, aondoe mfupa zaidi kidogo, aweke saruji nyingine, na wiki 8 zihesabiwe tena kutoka mwanzo. Upasuaji ambao ungekuwa wa pili ukawa wa tatu.

Safari hii hatukufunga faili. Mfupa wa nyonga zote mbili ulipandikizwa. Kwa wiki kadhaa alilalamikia nyonga kuliko mguu, na hiyo ni kawaida ambayo mzazi aelezwe mapema asije akadhani mtoto amepasuliwa mahali pasipostahili. Picha za eksirei za miezi ya kwanza zilionyesha kama wingu hafifu ndani ya pengo. Mwezi wa 5 wingu lilikuwa limeshika pande zote mbili. Alianza kukanyagia mguu kwa kuegemea magongo, na kabla ya mwaka kwisha aliyaacha. Mguu ule ni mfupi kwa sentimita 2, na anavaa kiatu kilichoongezewa soli na fundi wa sokoni. Amerudi darasani nyuma ya wenzake kwa miaka miwili. Mwaka mmoja kati ya hiyo ni wa ugonjwa, na uliobaki ni wetu.

Tulimwomba radhi yeye na mama yake. Mama alisema tu kwamba angejua angeuza mbuzi arudi mwenyewe. Tumelifikiria sana jibu hilo. Hakuna aliyekuwa amemwambia tarehe.

Fedha zinakwenda wapi

Wafadhili wetu hupenda kulipia upasuaji, nasi tunawaelewa, kwa maana ni jambo linaloonekana na lina risiti moja. Tulipozipitia karatasi za kijana huyu tulikuta gharama za chumba cha upasuaji hazikuwa hata nusu ya zilizotumika. Kilichobaki kilikwenda kwenye nauli za watu wawili, chakula cha mama aliyekuwa akimuuguza, picha za eksirei za kila ziara, dawa, bendeji na magongo. Na yapo yasiyoandikwa popote, kama shamba la mama ambalo halikulimwa msimu ule. Jirani walipalilia robo yake. Tunashauri kamati ilipange hilo tangu mwanzo, kwa maana mama anayejua shamba lake limeota magugu ataomba ruhusa ya kuondoka wodini kabla ya wakati.

Familia ikiwa na bima, kamati iulize kwa maandishi kabla ya safari ya kwanza ni hatua zipi zinalipiwa. Mtu asiambiwe "bima ipo" akaridhika.

Chakula nacho kina sehemu yake. Mfupa haujengwi kwa chokaa tupu. Unahitaji protini, na mtoto aliyetokwa usaha mwaka mzima amepungukiwa nayo na mara nyingi ana upungufu wa damu. Maharage, dagaa, mayai na maziwa kabla ya upasuaji ni msaada wa kweli ambao parokia yoyote inaweza kuutoa. Kwa vijana wakubwa na watu wazima, sigara iachwe. Moshi wake hubana mishipa midogo ya damu, ile ile tunayoisubiri iingie kwenye mfupa mpya.

Tuseme na hili ambalo si rahisi. Wapo wagonjwa ambao daktari atawashauri kukatwa mguu badala ya kupandikiza, hasa mtu mzima ambaye mishipa ya fahamu imeharibika na unyayo hauhisi kitu. Kamati moja ilikasirika kwa ushauri kama huo na kumtoa mgonjwa hospitalini. Tunawaelewa uchungu wao. Lakini miaka mitatu ya kupasuliwa kwa ajili ya mguu ambao hautatembea ni mzigo kwa mgonjwa kuliko kwa yeyote kati yetu, na mguu wa bandia unaomkaa vizuri humrudisha mtu shambani na sokoni. Ombeni maoni ya daktari wa pili. Mgonjwa mwenyewe asikilizwe, na sisi wenye kuchangisha fedha tusiwe ndio wenye kauli.

Na kwa ajali: mfupa uliotokeza usirudishwe ndani. Funikeni kidonda kwa kitambaa safi, tulizeni mguu kwa ubao au kwa kuufunga na mguu mzima bila kukaza, na msafirishe mgonjwa mara moja. Dawa za kuua vijidudu zinatakiwa kuanza ndani ya saa chache za mwanzo, mapema kadiri inavyowezekana, pamoja na kinga ya pepopunda. Saa hizo zikipotea, ndipo mapengo tuliyoyasema yanapoanza kuchimbwa.

Fomu mpya

Kuanzia robo ijayo ombi la matibabu ya mfupa litakuwa na kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza unajazwa na daktari, naye anaombwa aandike idadi ya hatua anazozitarajia na muda kati ya hatua na hatua. Ukurasa wa pili ni wa kamati. Una nafasi ya tarehe ya kila kurudi, jina la mwanakamati atakayemkumbusha mgonjwa wiki mbili kabla, na jina la atakayeshika nafasi yake akisafiri au akihama. Hatutatoa fedha za hatua ya kwanza mpaka tuwe tumetenga za hatua zote. Hii ina maana kwamba kwa mfuko ule ule tutasaidia wagonjwa wachache zaidi kwa mwaka, na baadhi ya parokia zitaambiwa zisubiri. Tumelijadili jambo hili kwa muda mrefu na bado linatuuma. Kamati zenye maoni tofauti zilete katika kikao cha robo, tutalizungumza tena.

Nakala moja ya ukurasa wa pili ibaki kwa mzazi, si kwenye faili la parokia tu. Kama mzazi hasomi, mwanakamati amsomee tarehe mbele ya mtu mwingine wa nyumbani. Fomu za zamani zenye mstari mmoja ambazo bado mnazo ofisini zisitumike tena. Zirudisheni kwetu pamoja na taarifa zenu za robo.